Neno la Guru Juu ya Chupa

Maboksi ya mwaliko yalifika asubuhi kwa pikapu, yamefunikwa turubai kama magunia ya mbolea. Wifi yangu Gejo ndiye aliyelikimbilia la kwanza. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuzageuza juani, kisha akapiga ukelele mpaka nyati wetu wa maziwa wakainua vichwa zizini.

"Weee! Bachint! Toka huko jikoni uje uone mambo ya mwanao. Hili si boksi, hili ni bibi harusi mwenyewe!"

Nilifuta unga mikononi nikatoka. Boksi lilikuwa limevishwa mahameli nyekundu, na kifuniko chake kilikuwa cha karatasi ngumu inayong'aa, chenye maandishi ya dhahabu yaliyoinuka kidogo ukiyapapasa. Katikati palikuwa na picha ya mwanamume aliyekaa juu ya trekta, kilemba kirefu, masharubu yamesokotwa, bunduki begani. Chini yake, jina la mwanangu, Navtej Singh, na la mchumba wake, Ramneek Kaur. Juu kabisa ilikuwepo alama ya Mungu Mmoja, ikifuatiwa na maneno yale yanayofungua Kitabu chetu kitakatifu sisi Singasinga, yote, bila kupunguzwa hata moja.

Niliyasoma. Mwaka uliotangulia ningeyaona kama mapambo tu, kama maua yanayochorwa pembeni mwa shuka. Sikupelekwa shule nilipokuwa mtoto. Nilianza kujifunza herufi uzeeni, katika darasa la jioni la wanawake pale gurudwara, nyumba yetu ya ibada, baada ya kukamua nyati na kuwapikia watu chakula. Mwalimu wetu alikuwa Parsin, mke wa msomaji wa Kitabu. Maisha yangu yote nilikuwa nikiinama mbele ya Kitabu kile kama mtu anayemwamkia mgeni bila kuijua lugha yake. Siku nilipoyasoma maneno hayo ya mwanzo mwenyewe, nikifuata kwa kidole, nililia hadi Parsin akanipa ncha ya mtandio wake nifute kamasi.

Kwa hiyo nilipoyaona kwenye boksi nilifurahi. Nilidhani mwanangu amemtanguliza Guru, mwalimu aliyetuletea imani, katika harusi yake. Kisha nikafungua kifuniko.

Ndani boksi lilikuwa na sehemu mbili. Moja pana, ya kuwekea ladu na vitamu vingine. Nyingine nyembamba na ndefu, imetandikwa hariri nyeupe kama kitanda cha mtoto mchanga.

"Hapa panakaa nini?" nikamuuliza Gejo.

"Panakaa maji ya baraka," alisema, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Jibu lilikuja lenyewe. Shemeji yangu Sukhmandar, mdogo wake marehemu mume wangu, aliyeshika usukani wa harusi hii tangu siku ya posa, aliingia uani akiwaongoza vijana waliobeba makreti ya wiski. Akachomoa chupa moja, akailaza kwenye ile hariri. Ilienea sawasawa. Akafunika kwa kile kifuniko, akarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kazi yake.

"Shemeji, hiyo ni pombe," nikasema.

"Aa, ni maziwa ya nyati wako." Akanikonyeza. "Pombe ndiyo! Tena ya ng'ambo, si ya kuchemshwa kichakani. Tunaoza simba hapa, hatuozi karani."

"Umesoma kilichoandikwa juu yake?"

"Nisome nini na mimi ndiye niliyekichagua? Guru ana sehemu yake pale juu, Jat naye ana sehemu yake pale kati. Kila mtu amepata chake."

Sisi ni Jat, watu wa mashamba, na Sukhmandar hasahau hilo hata akiwa usingizini. Limeandikwa nyuma ya trekta lake, kwenye gari lake, na kwenye tangi la maji lililo juu ya paa.

"Guru alitukataza pombe," nikasema. "Na alituketisha sote sakafuni mstari mmoja, Jat na fundi viatu, tule chakula kimoja. Sasa wewe unamweka yeye kuwa pambo la Jat na kizibo cha chupa?"

"Msikilizeni!" Aliwageukia wale vijana. "Nilisema mimi, madarasa haya ya jioni yatatumaliza. Kesho mtamsikia kwenye spika ya gurudwara anatuhubiria."

Vijana wakainamisha nyuso wakicheka chini kwa chini.

"Sikuhubirii. Nakuomba kimoja tu. Toa maneno au toa chupa."

"Nikitoa maneno, watu watasema tumeitupa dini. Nikitoa chupa, watasema tumefilisika. Niwaambie nini, shemeji? Kwamba mjane wa kaka yangu amejua alfabeti?"

Gejo alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Maboksi yangejazwa kesho yake, na kesho kutwa Navtej na rafiki zake wangezunguka nayo vijiji vyote. Hapakuwa na siku ya kupoteza.

Nilikwenda gurudwara. Parsin alikuwa akifagia kizingiti kipya cha marumaru, ambacho juu yake limechongwa jina la Sukhmandar Singh, mfadhili. Nilimweleza. Alinisikiliza huku akifagia, kisha akaegemeza ufagio ukutani.

"Mume wangu atasema nini, Bachint? Chumba tunacholala ni cha kamati. Na mwenyekiti wa kamati unamjua."

"Nilitaka uniambie la kufanya."

"Nilikufundisha kusoma. Hili sikukufundisha, kwa sababu na mimi sijui." Alitazama lile jina miguuni pake. "Ninachojua ni kile unachokijua na wewe. Karatasi yenye neno la Guru haitupwi, wala haichomwi pamoja na takataka. Inaletwa hapa, inawekwa na kurasa zilizochakaa, kisha inachomwa kwa sala, kama tunavyowaaga maiti wetu. Hayo maboksi yenu, ladu zikishaliwa na chupa ikishakauka, yatakwenda wapi?"

Sote wawili tunaufahamu mtaro ulio nyuma ya ukumbi wa harusi pale barabara kuu, na tunajua unavyokuwa msimu wa harusi ukiisha. Nilirudi nyumbani nikisali njia nzima, na kila nilipofika katikati ya sala niliiona ile hariri nyeupe.

Navtej alirudi jioni. Anafanya kazi ya kompyuta huko Pune, mji wa mbali, na alikuja na gari jipya lenye alama ya panga za dini yetu kwenye kioo cha nyuma, na chini yake neno Jat kwa herufi kubwa zaidi. Nilimwekea mkate wa mahindi na mboga ya haradali, na siagi juu yake kama anavyopenda. Ndevu zake amezikata zikabaki mstari mwembamba. Nywele, ambazo Guru alituamuru tusizikate, alizikata zamani. Kwa siku ya harusi wamekodi mtu wa kumfunga kilemba, na mtu huyo, nasikia, hana nafasi nyingine mpaka mwezi wa tatu.

"Umenuna, Mama."

"Sijanuna. Nisomee hii." Niliweka kifuniko magotini pake.

"Najua inasema nini."

"Nisomee tu."

Alianza kwa haraka, kwa kichwa, bila kutazama. Katikati akakwama. Akatazama herufi, akazitafuta kwa macho, akanicheka.

"Haya, umenishinda. Umefurahi?"

"Sitaki kukushinda, mwanangu. Nataka usiyaweke juu ya wiski."

"Mama, kila mtu anafanya hivi. Watu hawafikirii hata."

"Hilo ndilo ninalolisema. Hawafikirii."

Alisukuma sahani pembeni. Kisha akakunja mkono wa shati hadi begani, akanionyesha chale aliyochora huko Pune, alama ile ile ya Mungu Mmoja, nyeusi, kubwa kama kiganja.

"Unajua kwa nini nilichora hii? Nilipofika kule nilikuwa na kilemba. Kila siku saa sita mchana wananitania. Eti singa, saa zako zimefika, ubongo umeiva huko ndani. Kila siku, Mama. Watu wazima, ofisini. Nikakata nywele. Usiseme kitu, ngoja nimalize. Nikakata, na hakuna aliyenitania tena. Hakuna aliyeniuliza hata natoka wapi. Nikakaa hivyo mpaka nikaona nimepotea kabisa, sipo. Ndipo nikachora hii. Ndiyo maana ya stika. Ndiyo maana ya boksi. Wewe unaona maringo. Kwangu mimi, ndicho kitu pekee kilichobaki mkononi mwangu."

Hakuwahi kuniambia hayo. Nilitamani kumkumbatia na nilitamani kumpiga. Nilimshika ule mkono, nikaweka kidole juu ya alama kama ninavyofanya darasani.

"Hii hapa haikuambii kitu. Inakaa tu. Kaa nami asubuhi moja, niisome mbele yako yote. Polepole. Nasoma polepole mno, utachoka, lakini kaa."

"Baada ya harusi."

"Na maboksi?"

"Maboksi yameshachapwa. Baba mdogo ameshapanga. Niwaambie rafiki zangu nini, chukueni ladu mshushie na maji?"

"Ndiyo."

Alicheka kwa sauti, akanibusu utosini, akatoka kwenda kwa wenzake. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Niliosha sahani yake kwa nguvu hadi ikalia.

Kesho yake wapishi wa vitamu walikaa uani tangu alfajiri. Hadi mchana maboksi yote yalikuwa yamejazwa na kupangwa sebuleni, ladu upande mmoja, chupa upande mwingine, na Guru juu. Wanaume wakaenda mjini kujaribu makoti na kusikiliza spika za muziki kama zina nguvu ya kutosha. Nilinawa, nikafunika kichwa, nikasali, nikaingia sebuleni na kisu cha kumenyea.

Nilidhani nitakwangua dhahabu. Nilikwangua herufi ya kwanza, nikaacha. Kulikwangua jina la Mungu kwa kisu kulikuwa kubaya kuliko chupa. Nikatupa kisu. Nikaanza kuvua vifuniko, kimoja kimoja, nikivipanga juu ya kitanda.

Gejo alinikuta hapo. Alisimama mlangoni na ladu kinywani, akaacha kutafuna.

"Bachint. Umepata wazimu?"

"Pengine."

"Sukhmandar atakuzika na kreti zake."

"Anizike."

"Mimi sijaona kitu. Nimeingia kuchukua ladu nikatoka. Nikiulizwa, nitaapa."

"Apa."

Alitoka. Nikaendelea. Vifuniko vilipokwisha nilivuta lile toroli la majani ya nyati hadi barazani, na hapo nikasikia kelele nyuma yangu.

"Ebo! Toroli hilo? La mavi? Unamwokoa Guru kwenye pombe unampeleka kwenye kinyesi?" Gejo alipita mbio, akaenda kwenye sanduku la zawadi za bibi harusi, akatoa shuka mbili nyeupe ambazo hazijalaliwa. "Shika. Na ole wako umtajie mtu jina langu."

Alinisaidia kufunga mafurushi, akalibeba moja kichwani mwenyewe, akilalamika njia nzima kuhusu shingo yake na kuhusu mimi. Tulikwenda miguu mitupu kama inavyopasa. Pale gurudwara, mume wa Parsin alitazama mafurushi, akatazama mbingu kama mtu anayekisia mvua, kisha akatufungulia chumba cha kurasa kuukuu bila kuuliza swali. Parsin alinishika bega. Kwa mara ya kwanza tangu maboksi yaje, nilipumua.

Wanaume walirudi kabla ya magharibi. Sukhmandar ndiye aliyeingia sebuleni kwanza. Maboksi yalikuwa wazi, chupa zimelala uchi kando ya ladu, na nzi walikuwa wameshapata habari.

"Nani?" alinguruma. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Umetuvua nguo! Umetuvua nguo mbele ya wilaya nzima!"

"Viko wapi, Mama?" Navtej aliuliza. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

"Gurudwara. Vimepokelewa, viko pamoja na kurasa. Kama unavitaka, nenda kavitoe. Mwambie msomaji unavirudisha juu ya wiski."

Sukhmandar alijikuna ndevu. Alimtazama Navtej, Navtej akamtazama yeye, na hakuna aliyesogeza mguu. Gejo alijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Waliogopa. Niliuona woga ule machoni pao, nikamshukuru Guru moyoni, kwa sababu anayeogopa bado anajua yuko mbele ya nani. Nilimngoja mwanangu aseme, basi, tutoe chupa.

Navtej akatoa simu.

"Kaka, habari za jioni? Ni mimi wa Jumatatu, wa maboksi. Sikiliza, nataka vifuniko vipya, kesho asubuhi. Ndiyo, idadi ile ile. Picha ile ile. Hapana, maandishi ya juu toa. Yote, na alama pia. Patabaki wazi? Basi mkuze huyo jamaa wa trekta, ajaze nafasi."

Akakata simu. Sukhmandar alimpiga mgongoni, akacheka kicheko cha mtu aliyevuka mto.

"Umeona? Kijana ana akili. Kila mtu amepata chake, shemeji. Guru yuko nyumbani kwake, sisi tuko kwetu."

"Si hivyo nilivyo..." nilianza, kisha nikakumbuka. Ndivyo nilivyosema. Toa maneno au toa chupa. Nilisema mbele ya mashahidi.

Vifuniko vipya vililetwa wakati tunakunywa chai ya asubuhi. Mtu wa trekta amekuwa mkubwa, masharubu yake yanagusa pembe huku na huku, na mtutu wa bunduki unatokeza mpaka pale ilipokuwa alama.

"Masharubu haya yatafika kwa jirani kabla ya mwaliko," alisema Gejo. Hakuna aliyecheka.

Navtej alipakia maboksi kwenye gari na rafiki zake. Kabla ya kuingia alikuja niliposimama.

"Haya, Mama. Hakuna neno la Guru juu ya pombe tena. Umepata ulichotaka. Umefurahi?"

Alikuwa akiuliza kweli. Alitaka niseme ndiyo, aondoke na moyo mweupe. Nilitafuta la kumwambia. Ningesema sijafurahi, ningeonekana mwanamke asiyetosheka. Ningesema nimefurahi, ningekuwa nimedanganya miguuni pa Guru. Nilimrekebisha ukosi wa koti.

"Endesha polepole," nikasema.

Waliondoka wakipiga honi, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, wimbo wa mtu anayejisifia shamba lake na risasi zake.

Walizunguka siku mbili. Kila jioni nilimuuliza Navtej kama kuna mtu aliyesema kitu kuhusu kifuniko. Nilikuwa na tumaini la kipuuzi. Katika vijiji vyote hivyo, katika nyumba zote zile zenye picha za Guru ukutani, nilidhani atakuwepo mmoja, hata bibi kizee, wa kushika boksi na kuuliza, mbona mwaliko wa harusi ya Singasinga hauna jina la Mungu?

"Hakuna aliyeuliza," alisema jioni ya pili, akivua viatu mlangoni. Uso wake uling'aa. "Wote wamelisifu. Mjomba wa Ramneek amesema huyo mtu wa trekta amefanana na Baba."

Baba yake alikuwa mtu wa baiskeli. Bunduki hakuwahi kuigusa maishani. Alipokuwa akienda shambani alinong'ona sala, na midomo yake ikicheza hivyo, watu walidhani anatafuna kitu.

"Mwanangu," nikasema, "keti kidogo. Ni wakati wangu wa kusoma."

Aliketi. Naapa aliketi, kwenye ukingo wa kitanda, akafunika kichwa kwa leso. Nilishusha kijitabu changu cha sala kutoka rafu ya juu, nikakifungua kwenye kitambaa chake, nikatafuta kwa kidole nilipoishia. Nilisoma mstari mmoja, polepole. Nilipoanza wa pili, simu yake ikaita. Alikuwa ni mtu wa vilemba, anataka kujua rangi.

"Nakuja sasa hivi, Mama. Endelea tu."

Alitoka na leso kichwani akizungumza, na nikamsikia uani akisema waridi, hapana, si waridi hiyo, ile iliyokoza, itakayoonekana vizuri kwenye picha.

Nilijaribu kuendelea. Herufi zilikuwa pale, nazijua zote, lakini hazikuungana. Nilikuwa nimekasirika mno. Nilimkasirikia Sukhmandar, na mtu wa trekta, na wale watani wa Pune nisiowajua, na mwanangu, na nafsi yangu iliyotoa machaguo mawili badala ya moja. Sala haikuja. Sikukifunga kijitabu. Nilikaa nacho wazi mapajani, na hasira yangu yote mbele yake, maana sikuwa na pengine pa kuipeleka.